Mbiu za Mwilini: Homa, TNF na TB Iliyolala

KASSIM: Karibuni tena. Nipo na dada Mwanaidi wa maabara, na leo ni zamu ya saitokini. Dada, juzi nimeona bango barabarani: "Dawa ya kuongeza kinga." Nikasema hili lazima nikuulize.

MWANAIDI: (anacheka) Usinianzishe, Kassim. Kuongeza hadi wapi? Wagonjwa wengi wa Corona waliozidiwa, kinga yao haikuwa imelala, ilikuwa imepandisha mori. Juni 2020 Waingereza walitangaza kwamba deksamethasoni, dawa inayoituliza kinga, imepunguza vifo vya waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia kwa theluthi moja.

KASSIM: Deksa hii hii watu wanayomeza ili wanenepe?

MWANAIDI: Hii hii, na waache! Hata kwenye Corona, ambaye hakuhitaji oksijeni haikumfaa kitu.

KASSIM: Haya, saitokini zenyewe ni nini?

MWANAIDI: Protini ndogondogo ambazo seli hutoa kuziambia seli nyingine la kufanya. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na hizi ndizo mbiu. Moja inasema njooni hapa pamevamiwa, nyingine inasema zaaneni. Na zipo, ingawa watu huzisahau, zinazosema imetosha, tawanyikeni. Intalukini 10 ni mojawapo.

KASSIM: Nani alizigundua?

MWANAIDI: Si mtu mmoja. Ila intaferoni ni ya London, 1957, Alick Isaacs na Jean Lindenmann. Walichukua utando wa yai la kuku, wakaukutanisha na virusi vya mafua vilivyouawa kwa joto, wakaona seli zinatoa kitu kinachozikinga nyingine zisishambuliwe na virusi vilivyo hai.

KASSIM: Tuje kwetu. Malaria.

MWANAIDI: Eeh, malaria ni darasa zima. Vimelea vikikomaa vinapasua chembe nyekundu, na mabaki yake yanamwagika kwenye damu. Seli za kinga zikiyagusa, zinatoa saitokini za kuwasha moto: TNF, intalukini 1, intalukini 6. Ujumbe unafika ubongoni, na ubongo unapandisha kiwango cha joto unachokitaka. Sasa wewe una 37, ubongo unataka 39. Ndiyo maana saa nane mchana, jua kali, umejifunika blanketi na meno yanagongana.

KASSIM: Unameza panadol.

MWANAIDI: Inakata ujumbe mwishoni kabisa, kwenye prostaglandini, kemikali inayouambia ubongo upandishe joto. Joto linashuka, jasho linakutoka, unajiona umepona. Kimelea wala hajaguswa.

KASSIM: Basi si waizuie TNF yenyewe, kwa watoto wanaopoteza fahamu?

MWANAIDI: Walijaribu, Gambia. Na walikuwa na sababu. Mwaka 1990 Dominic Kwiatkowski na wenzake walionyesha kwamba watoto wenye malaria iliyopanda kichwani wana TNF nyingi kuliko wenye malaria ya kawaida, na wanaofariki wanayo nyingi zaidi. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

KASSIM: Ningeizuia kesho yake.

MWANAIDI: Ndivyo. Wakajaribu sindano ya kingamwili, protini inayoishika TNF ili kuizuia, kwa watoto 610, matokeo yakatoka 1996. Homa ilishuka mapema. Vifo? Karibu sawa pande zote mbili. Na kati ya waliopona, waliobaki na athari za ubongo walikuwa asilimia 6.8 upande wa sindano, 2.2 upande wa pili.

KASSIM: Subiri. Dawa imezidisha madhara?

MWANAIDI: Inaelekea hivyo. Watafiti walidhani huenda ile kingamwili iliishika TNF ikakaa kwenye damu muda mrefu kuliko kawaida. Mimi utafiti huu naupenda kuliko yote, maana kipimo kilikuwa sahihi, hoja ilikuwa sahihi, na mgonjwa hakupona.

KASSIM: Lakini sindano za kuzuia TNF si zipo hospitalini?

MWANAIDI: Zipo, na kwa baridi yabisi zimefanya makubwa. Marc Feldmann na Ravinder Maini, London tena, walianza kuwapa wagonjwa mwaka 1992. Mtu aliyeshindwa kufunga kifungo cha shati akaanza kufunga. Pale TNF inalia bila adui, inakula viungo vyenyewe.

KASSIM: Hapo kuna sauti ya msikilizaji. Dada yake yuko Toronto, ameandikiwa hiyo sindano. Wakamwambia apime TB kwanza. Amekasirika, anasema wanambagua kwa kuwa katoka Afrika.

MWANAIDI: Hasira yake naielewa, ila hiki kipimo anapimwa hata mzungu. Watu wengi mno duniani wana bakteria wa TB mwilini na hawaumwi. Makrofaji, seli za kinga zinazomeza vijidudu, wamewazingira kwenye mapafu, na kinachowashikilia wasiachie ni TNF. Ukiizima, bakteria wanatoka. Madaktari waliliona hilo wazi 2001, wagonjwa wa infliksimabu, mojawapo ya sindano hizo za kuzuia TNF, walipoanza kupata TB, mara nyingi ndani ya miezi michache tu.

KASSIM: Kumbe! Wanapimaje?

MWANAIDI: Damu kidogo, inachanganywa na protini za TB usiku kucha. Seli zinazomjua huyo bakteria zitatoa intaferoni gama, sisi tunaipima. Saitokini hiyo hiyo inatoa siri.

KASSIM: Wakimkuta nayo?

MWANAIDI: Iliyolala siyo ugonjwa, na haambukizi mtu. Anaanza dawa za kuzuia TB, kwa kawaida angalau mwezi mmoja kabla ya sindano, na anazimaliza hata viungo vikishapata nafuu. Akiwa kwenye sindano akianza kukohoa, kukonda au kulowa jasho usiku, asingoje siku ya kliniki. Na kama wamempima kwa ngozi, awaonyeshe kovu lake la BCG. Chanjo ile inaweza kukifanya kipimo cha ngozi kivimbe bure, cha damu haikigusi.