Kabla Hujasakinisha: Chagua Fimwea ya Mashine Pepe Yako kwenye QEMU

Habari zenu, karibuni tena. Leo tuko na QEMU, programu ya kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta, na kazi yetu ni moja: kuchagua fimwea, ile programu ndogo inayoamka kabla ya mfumo endeshi, ikakagua vifaa, kisha ikatafuta diski ya kuwashia.

Najua wengi mnaonitazama, kuanzia Arua na Gulu mpaka Kampala, mnatumia laptopu za mtumba, na bando la kushushia ISO, lile faili la kusakinishia mfumo, mnalinunua kwa pesa zenu. Ndiyo maana nasema jambo hili liamue mwanzoni. Mfumo uliosakinishwa chini ya fimwea moja kwa kawaida hauwaki ukihamia nyingine, na kurudia kusakinisha ni kazi juu ya kazi.

Fungua terminali ya Linux, uandike:

ls /dev/kvm

Ukiambiwa faili haipo, zima kompyuta, ingia kwenye mipangilio yake ya BIOS, uwashe VT-x kama prosesa ni Intel, au SVM kama ni AMD. Bila KVM, sehemu ya Linux inayoiwezesha mashine pepe kutumia prosesa moja kwa moja, mashine pepe itatambaa tu.

Sasa tuchague. Usipoiambia QEMU chochote, kwenye x86 inatumia SeaBIOS, yaani BIOS ya mtindo wa zamani, ukoo ulioanza na IBM PC ya 1981. Inawaka upesi na haidai faili la ziada. Una Windows XP inayobeba programu ya hesabu za duka ambayo haiendi popote pengine? Una DOS, au diski iliyogawanywa kwa MBR, ule mpangilio wa zamani wa kugawa diski? Baki na SeaBIOS, usijitafutie kazi. Ila MBR kwa kawaida inaishia TiB 2, na Windows 11 inadai UEFI (fimwea ya kisasa iliyochukua nafasi ya BIOS), Secure Boot (ukaguzi wa saini za programu za kuwashia) na TPM 2.0 (chipu ya kutunza funguo za siri), kwa hiyo hapa haina nafasi.

Nyingine ni OVMF, ambayo ni UEFI iliyojengwa na mradi wa TianoCore kwa ajili ya mashine pepe. Kwa mashine mpya mimi nachukua hii bila kujiuliza. Anayejifunza kazi ya seva atakutana na UEFI kazini, heri aizoee nyumbani. Kwenye Ubuntu au Debian:

sudo apt install qemu-system-x86 qemu-utils ovmf
ls /usr/share/OVMF

Tukae hapa kidogo, maana ndipo watu wanapopotea. Unaona majina yanayoanza na OVMF_CODE na mengine OVMF_VARS. CODE ni fimwea yenyewe: inasomwa tu, haiandikwi, na mashine zako zote zinaweza kuichangia. VARS ni kumbukumbu: mpangilio wa kuwaka unakaa humo, na funguo za Secure Boot pia. Kila mashine lazima iwe na nakala yake. Na ukichukua CODE yenye 4M, VARS nayo iwe ya 4M. Ukizichanganya na zile ndogo za 2M, haitawaka.

mkdir -p ~/vm
cp /usr/share/OVMF/OVMF_VARS_4M.fd ~/vm/vars.fd
qemu-img create -f qcow2 ~/vm/diski.qcow2 25G

Msiogope hizo 25G, faili la qcow2 linakua kadiri unavyolijaza. Weka ISO ya Debian humo ~/vm kwa jina debian.iso, sasa iwashe:

qemu-system-x86_64 -machine q35 -enable-kvm -cpu host -m 2G \
-drive if=pflash,unit=0,format=raw,readonly=on,file=/usr/share/OVMF/OVMF_CODE_4M.fd \
-drive if=pflash,unit=1,format=raw,file=$HOME/vm/vars.fd \
-drive file=$HOME/vm/diski.qcow2,format=qcow2,if=virtio \
-cdrom $HOME/vm/debian.iso

Ikikataa kwa kukosa ruhusa ya KVM, andika sudo adduser $USER kvm, toka kwenye akaunti yako, uingie tena. Na mtaona fimwea sikuileta kwa chaguo la -bios. Mafunzo mengi mtandaoni yanaitumia; mashine inawaka kweli, lakini mipangilio ya UEFI inakosa mahali pa uhakika pa kukaa. Mimi siipendi.

Itokee nembo ya TianoCore, halafu menyu ya Debian. Soma kichwa cha menyu hiyo: kikisema UEFI Installer menu, endelea. Kikisema BIOS mode, funga dirisha sasa hivi kabla hujagawanya diski, urudi kwenye mistari miwili ya pflash.

Anayetaka Windows 11 atumie faili zenye .ms katikati ya jina, CODE na VARS zote mbili, kwa kuwa VARS hiyo ina funguo za Microsoft. Inahitaji pia swtpm, programu inayoigiza TPM. Hiyo msiiandike kwa mkono. Tumieni virt-manager, programu ya madirisha ya kusimamia mashine pepe, mweke tiki kwenye Customize configuration before install, mkachague Firmware pale Overview kabla ya kubonyeza Begin Installation. Kwa ARM, kwenye qemu-system-aarch64 na mashine ya virt, lazima uilete UEFI mwenyewe: pakiti ni qemu-efi-aarch64.

La mwisho ni kwa wanaobebeana mashine kwenye flashi. Beba diski.qcow2 pamoja na vars.fd. Ukisahau vars, rafiki yako akaweka mpya, anaweza kuishia kwenye maandishi ya Shell> na mshale unaopepesa. Diski haijafa. Mwambie aandike exit, aingie Boot Maintenance Manager, kisha Boot From File, afungue folda ya EFI, debian, achague shimx64.efi. Debian ikishawaka, aandike sudo grub-install ili njia ya kuwaka iandikwe upya kwenye vars yake.