Kabla ya Kuuliza "Mara Ngapi?"

Ndugu wanafunzi, wauguzi, maafisa ustawi wa jamii, na ninyi mliokuja kwa sababu mna mgonjwa nyumbani, asanteni kwa kufika. Leo nazungumzia mahojiano, na namna falsafa inavyoweza kutufundisha kumhoji mtu anayeumwa akili.

Naanzia Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Nairobi. Kuanzia 1938 hadi 1950 hospitali ile iliongozwa na daktari wa serikali ya kikoloni, J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Humo alidai kwamba sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito na kukosa hamu, ni nadra kwa Waafrika, na sababu akaitafuta kichwani mwao: eti hawaitumii vya kutosha sehemu ya mbele ya ubongo. Alifika mahali pa kumlinganisha Mwafrika mzima wa afya na Mzungu aliyepasuliwa sehemu hiyo. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ikatoa ripoti aliyoiandika Carothers juu ya saikolojia ya Mau Mau, na watu waliokuwa wakidai ardhi yao wakaandikwa kama wagonjwa.

Ubaguzi huo mnauona wenyewe. Mimi nataka mtazame pia alivyopata ushahidi wake. Sehemu kubwa ulitoka kwa waliolazwa. Sasa, enzi zile nani alipelekwa Mathari? Ni yule aliyepiga watu, aliyevua nguo sokoni, aliyeshindikana kijijini hadi chifu akaitwa. Mama aliyekuwa akiamka saa tisa usiku, akikaa macho mpaka kukuche, kisha akapika, akalima na kunyamaza, hakuna askari aliyekwenda kumchukua. Hakuhesabiwa, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza.

Mwaka 1979 John Orley, aliyekuwa amefanya kazi Uganda, na John Wing wa London, walichapisha matokeo ya mahojiano katika vijiji viwili vya Uganda. Wanavijiji walihojiwa kwa Kiganda, kwao, si wodini. Sonona ilionekana kwa wingi, tena kuliko kwa wanawake wa Camberwell kule London. Wagonjwa aliowakosa Carothers walikuwapo siku zote.

Hapo ndipo falsafa inapoingia. Mwaka 1913 Karl Jaspers, kijana wa miaka 30 aliyekuwa daktari Heidelberg, alitoa kitabu kikubwa kuhusu magonjwa ya akili. Alitenganisha kazi mbili. Moja ni kueleza kwa nini mtu anaumwa: damu, ubongo, urithi. Nyingine ni kuelewa jinsi anavyoyaishi yanayompata. Kwa kazi hii ya pili alichota kwa Edmund Husserl, mwanzilishi wa fenomenolojia, aliyefundisha kwamba kabla ya kuamua jambo ni nini, usimamishe kwanza hukumu yako na kulitazama linavyojitokeza kwa yule linayemtokea. Baadaye, mwaka 1945, Mfaransa Maurice Merleau-Ponty akaonyesha kuwa mwili si chombo tu tunachokibeba. Ulimwengu wote tunaufikia kwa mwili huo huo.

Mtaniuliza, haya yanamsaidia nini muuguzi mwenye foleni ya watu arobaini nje?

Muuguzi huyo analo dodoso la maswali tisa. Linauliza: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu ya kufanya mambo? Kila jibu lina alama sifuri hadi tatu, jumla ikiwa 27. Sililaumu dodoso hilo. Linatuonyesha nani asiachwe aende nyumbani bila kuonwa, na kazi hiyo linaifanya vizuri. Lakini "karibu kila siku" haisemi siku hizo zikoje.

Nitawapa mfano. Nimeuunganisha kutoka kwa watu kadhaa waliokubali maneno yao yatumike, ili asitambulike hata mmoja. Mwanamume amejibu kwamba hana hamu ya chochote, karibu kila siku. Unamwambia: "Kaka, hebu nisimulie jana asubuhi, kabla hujatoka kitandani." Anafikiri, halafu anasema: "Niliona ndoo mlangoni. Nilijua natakiwa nikachote maji. Ilikuwa mbali." Unauliza mbali vipi. "Hatua tatu tu. Lakini ilikuwa kama ndoo ya mtu mwingine. Haikuniita." Unanyamaza. Baadaye anaongeza: "Kesho ipo, najua. Ila ni ya watoto."

Tazameni kilichopatikana. Kwako wewe mwenye afya, ndoo inakuambia "nichukue" kabla hujaifikiria. Kwake imeacha kusema. Mwanafalsafa Matthew Ratcliffe alikusanya maelezo ya maandishi ya watu wenye sonona Uingereza, na katika kitabu chake cha 2015 anaeleza jambo la jamaa hii: kinachopotea si tumaini fulani, la kazi au la ndoa. Hupotea ule uwezekano wenyewe wa jambo lolote kuwa tofauti. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "jipe moyo, mambo yatakuwa sawa," unamtaka atumie kiungo kile kile kilichovunjika.

Copenhagen, Josef Parnas na wenzake walitoa mwaka 2005 mwongozo wa mahojiano wenye vipengele 57, kuhusu jinsi mtu anavyojihisi kuwa yeye mwenyewe, hasa katika hali zinazokaribia skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo. Napenda kanuni yake moja: maswali hayasomwi moja baada ya jingine kama karani wa sensa. Mnazungumza, na "ndiyo" peke yake haitoshi mpaka mtu atoe mfano wake.

Turudi kwetu pwani, maana hapa hukumu ni ngumu zaidi kuisimamisha. Binti analetwa na mama yake. "Mwanangu ana jini." Mhojaji mmoja atakunja uso, kwake hayo ni ushirikina. Mwingine ataitikia haraka kwa kuwa na yeye anaamini. Wote wawili wamefunga mlango. Mwulizeni binti: likija, unalijua kabla? Mwili unakuwaje? Linaanzia wapi? Huenda akasema: kwanza nasikia harufu ya kitu kinaungua, tumbo linapanda hadi kifuani, halafu sijui, nakuta watu wamenizunguka na ulimi unauma. Huyo aende kupimwa kifafa, na kifafa kina dawa. Mwingine atasema linakuja mkwe akiingia nyumbani tu, na kila lisemwalo analikumbuka. Hapo mna mazungumzo mengine kabisa ya kufanya, na pengine ya kumlinda. Jina ni lile lile, jini; walichoishi ni tofauti kama usiku na mchana.

Frantz Fanon aliwahi kuhudhuria mihadhara ya Merleau-Ponty pale Lyon, kisha akawa daktari wa akili Blida, Aljeria, 1953 hadi 1956. Yeye na Charles Geronimi waliwaonyesha wanawake Waislamu picha za kipimo kilichotungwa Marekani, wawatungie hadithi. Majibu yakawa mafupi na makavu. Mwingine angeandika kwamba wanawake hawa hawana ubunifu. Wao, katika makala ya 1956, waliandika kuwa picha zile ni za ulimwengu usio wa wale wanawake. Mwaka 1961 Fanon akamjibu Carothers kwa jina.

Neno moja zito kabla hatujaanza kazi. Mkiuliza hivi, kuna siku mtu atawaambia anataka kufa. Muulizeni waziwazi; kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Lakini jueni sheria nayo imekaa chumbani. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kinachofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakwenda kinyume cha Katiba. Tanzania kosa hilo bado limo katika sheria. Basi kabla ya kuwasha kinasa sauti, mwambieni mtu nani atasikiliza na lini mtalazimika kumwita mwenzenu. Na kama hajala tangu jana, au ana alama za kipigo, mahojiano yasimame, asaidiwe kwanza. Tunasimamisha hukumu, hatusimamishi msaada.

Sasa jigaweni wawili wawili, kila mmoja na mtu asiyemfahamu. Mmoja asimulie usiku mmoja aliokosa usingizi, si ule mbaya kuliko yote. Mwenzake ana dakika kumi, na haruhusiwi kusema "kwa nini", "pole", wala "hata mimi". Aulize wapi, vipi, halafu ikawaje. Nitapita kila meza.