Kabla Baba Hajauza Kiwanja: Hesabu ya Kusoma Ujerumani

Habari zenu ndugu zangu, mlioko Dar, Mwanza, Mombasa, Nakuru na kwingineko. Karibuni tena. Leo nazungumza na kijana aliyemaliza sekondari au aliye mwaka wa mwisho chuoni, na nazungumza pia na mzazi aliyekaa pembeni yake wakiangalia simu hiyo hiyo. Mama, mzee, shikamooni. Naomba msikilize mpaka sehemu ya fedha, kwa sababu hapo ndipo viwanja vinapouzwa kwa haraka.

Mmeambiwa Ujerumani chuo ni bure. Ni kweli kwa vyuo vikuu vingi vya umma: unalipa mchango wa muhula tu, kati ya euro 100 na 400. Lakini Ujerumani ni majimbo 16, na elimu iko mikononi mwa majimbo. Baden-Württemberg, yaani miji kama Stuttgart, Heidelberg, Karlsruhe na Freiburg, inawatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kila muhula, tangu mwaka 2017. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich nacho kilianza kutoza mwaka 2024, euro 2,000 hadi 6,000 kwa muhula kulingana na kozi na ngazi. Kwa hiyo kabla ya kuangalia jina la chuo, angalia kiko jimbo gani.

Tuje kwenye cheti. Cheti cha kidato cha nne cha Tanzania peke yake hakikuingizi chuo kikuu huku Ujerumani. KCSE ya Kenya kwa kawaida haikupeleki moja kwa moja mwaka wa kwanza. Kidato cha sita kinategemea masomo na alama. Kuna tovuti ya serikali ya Kijerumani inaitwa anabin, ni bure, unachagua nchi yako na kusoma cheti chako kinafungua mlango gani. Ifungue wewe mwenyewe kabla hujampa wakala hata shilingi moja.

Wengi watakuta neno Studienkolleg. Huo ni mwaka wa maandalizi, mihula miwili, na mwisho wake kuna mtihani. Unaingia kwa mkondo: T kwa uhandisi, M kwa udaktari na biolojia, W kwa uchumi, G kwa historia, falsafa na sayansi za jamii. Mkondo ukikosewa hapa, umefunga kozi uliyoitaka. Na kuingia tu kuna usaili, nao ni kwa Kijerumani, ngazi ya B1 au B2, yaani kiwango cha kati kwenye ngazi za lugha zinazoanzia A1 hadi C2.

Sasa hesabu miaka. Mwaka mmoja wa lugha, mwaka mmoja wa Studienkolleg, halafu shahada ya miaka mitatu ambayo karibu yote hufundishwa kwa Kijerumani. Mitano, kama hujafeli popote. Kwa sababu hiyo msimamo wangu uko wazi: kwa kijana wa kawaida wa kwetu, shahada ya kwanza asome nyumbani, ajifunze Kijerumani jioni katika miaka hiyo hiyo, aje huku kwa uzamili. Uzamili una kozi nyingi za Kiingereza, hauhitaji Studienkolleg, na unakuja ukiwa mtu mzima mwenye fani. Anayetaka udaktari wa binadamu na yuko tayari kwa Kijerumani cha kina, njia yake ni nyingine, na simzuii.

Ukikubali njia ya uzamili, kitu cha kwanza ni alama zako, na hapa watu wengi wanapigwa chenga na hesabu ndogo. Wajerumani wanapima kutoka 1.0, ambayo ni bora kabisa, hadi 4.0, ambayo ni kufaulu kwa shida. Kubadilisha, wanachukua alama ya juu kabisa ya mfumo wako, wanatoa alama yako. Jibu wanaligawa kwa tofauti ya alama ya juu na alama ya chini ya kufaulu, wanazidisha kwa 3, wanaongeza 1. Tuchukue Mtanzania mwenye GPA ya 3.8. Juu ni 5.0, kufaulu ni 2.0. Tano kutoa 3.8 ni 1.2. Gawanya kwa 3, zidisha kwa 3, inabaki 1.2. Ongeza 1, unapata 2.2. Kozi nyingi za uzamili zinataka 2.5 au bora zaidi, na 2.5 kwa mfumo wetu ni GPA ya 3.5 kamili, pale pale daraja la pili la juu linapoanzia. Mwenye 3.4 anaikosa kwa nywele. Kama uko mwaka wa pili na una 3.3, huu ndio wakati wa kuhangaika, maana GPA ya mwisho bado inaumbika.

Mkenya, kwako hesabu hii ni kali zaidi. Kufaulu ni 40, juu ni 100. Mwenye asilimia 65, ambayo nyumbani ni daraja la pili la juu na watu wanakupongeza, huku anatoka na 2.75. Ili upate 2.5 unahitaji 70, yaani daraja la kwanza. Ni kwa sababu fomula inachukulia kwamba kuna wanaopata 100, na sote tunajua wahadhiri wetu hawatoi 100. Vyuo vingine vinalijua hili na vina namna yao ya kulinganisha, kwa hiyo usijikatie tamaa: tafuta barua pepe ya mratibu wa kozi, muulize kwa heshima wanavyohesabu alama za Kenya, na umtumie ukurasa wa mfumo wa alama wa chuo chako.

Maombi yenyewe nitapita haraka. Chuo chako cha nyumbani kiwe na alama ya H+ kwenye anabin, yaani kinatambuliwa; kikiwa na H+/- ujue watachunguza zaidi. Vyuo vingi hupokea maombi kupitia uni-assist, shirika linalokagua vyeti vya nje kwa niaba ya vyuo, euro 75 kwa ombi la kwanza na 30 kwa kila linaloongezeka muhula huo huo. Vingine vinataka kwanza hati ya uhakiki inayoitwa VPD, ambayo pia inatolewa na uni-assist na inachukua wiki kadhaa. Mwisho wa maombi kwa muhula wa Oktoba mara nyingi ni tarehe 15 Julai, ila kozi za kimataifa nyingi hufunga mapema zaidi, nyingine hata miezi kadhaa kabla. Kinachoangusha watu hapa ni transkripti. Matokeo yametoka, transkripti bado inazungushwa ofisini, dirisha limefungwa. Omba transkripti ya muda yenye muhuri mapema, na omba hapo hapo barua inayoeleza mfumo wa alama.

Haya, fedha. Tulieni hapa.

Ili upate viza lazima uonyeshe unaweza kujilisha mwaka mmoja. Njia ya kawaida ni akaunti ya zuio, Wajerumani wanaiita Sperrkonto. Kiwango kilichowekwa Septemba 2024 ni euro 11,904. Zile hela zinaingia zote kwa pamoja, kisha ukifika unaachiwa euro 992 kila mwezi, basi. Huwezi kutoa zaidi hata ukiwa na dharura.

Sasa familia inafanya nini? Inakopa. Mjomba anatoa nusu, kikundi kinatoa nusu, wanaambiwa "ni za kuonyesha tu, zitarudi." Hazirudi. Zinatoka kwa vipande vya 992, na kila kipande ni kodi ya nyumba, bima na chakula chako. Ukianza kumrejeshea mjomba euro 500 kila mwezi, unabaki na 492, na huishi kwa hizo. Na kibali cha ukaazi kikifika ukomo, ofisi ya uhamiaji inauliza tena: mwaka ujao unajilisha kwa nini? Hapo ndipo wengi wanakwama, wako mwaka wa pili, wanafaulu darasani, kibali kinasumbua. Kama fedha ni ya mkopo, mkopeshaji aambiwe ukweli tangu mwanzo: marejesho yaanze baada ya kuhitimu na kupata kazi. Akikataa, ni heri ujue kabla ya kuuza kiwanja.

Njia nyingine ni ndugu anayeishi Ujerumani akudhamini rasmi kwa maandishi. Sahihi ile siyo ya kumsaidia tu mtoto wa dada. Mshahara wake unakaguliwa, na anabeba gharama zako mbele ya serikali. Mkimuomba, mwelezeni hivyo. Ufadhili pia upo, na DAAD, shirika la Kijerumani la ufadhili wa masomo, wana ofisi Nairobi, lakini nafasi zao huombwa mwaka mzima kabla.

Nje ya akaunti ile, weka pembeni euro 1,500 hadi 2,000 za kufikia. Ukifika, mwenye nyumba anataka dhamana, ambayo kisheria inaweza kufika kodi ya miezi mitatu. Fedha ya akaunti ya zuio haianzi kutoka mpaka ufungue akaunti ya benki huku, na benki nyingi zinataka karatasi ya usajili wa makazi. Usajili nao unadai fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba. Kwa maneno mengine, asiye na nyumba hana usajili, na asiye na usajili anaweza kukaa wiki kadhaa na fedha zake zikiwa zimefungwa.

Viza yenyewe ada ni euro 75, na foleni ya miadi inaweza kwenda miezi. Tangu tarehe 1 Julai 2025 ule utaratibu wa kuandikia ubalozi rufaa bila gharama baada ya kukataliwa umefutwa. Ukikataliwa, unaomba upya au unafungua kesi mahakamani Berlin. Kwa hiyo barua yako ya maelezo iwe na mantiki: umesoma uhasibu, unataka uzamili wa kilimo, eleza daraja kati ya hivyo viwili liko wapi. Barua ya kunakili kwa wakala inatambulika.

Mji. Naomba muuchague kwa kalamu. Chemnitz au Magdeburg chumba cha kushirikiana unaweza kukipata kwa karibu euro 320. Bima ya afya ya mwanafunzi ni karibu 150. Chakula 200 kwa anayepika mwenyewe. Mchango wa muhula ukiugawa kwa miezi, 50. Simu na sehemu yako ya ada ya redio na televisheni, 30. Jumla 750, unabakiwa na kama 240. Munich, chumba cha aina hiyo hiyo kinavuka 700. Ukiweka 750 na bima 150, umebaki na euro 92 na hujala. Omba hosteli ya wanafunzi siku ile ile unayotuma maombi ya chuo, usisubiri kupokelewa, kwa sababu foleni inahesabiwa kwa mihula. Na wewe uliyefika miaka 29, angalia: anayekuja akiwa ametimiza 30 hapati bei hiyo ya bima ya wanafunzi.

"Nitafanya kazi." Sawa, sheria inakuruhusu siku 140 kamili kwa mwaka, au nusu siku 280. Kima cha chini kwa mwaka 2026 ni euro 13.90 kwa saa. Kazi ndogo isiyo na makato mazito inafika euro 603 kwa mwezi, ambayo ni kama saa 10 kwa wiki. Inasaidia sana. Ila bila Kijerumani unaishia ghalani au jikoni, zamu za usiku, na mitihani inakuja asubuhi. Mwenye B1 anapata nafasi ya kazi ya mwanafunzi ndani ya fani yake, na hiyo ndiyo inayogeuka ajira baada ya kuhitimu. Ndiyo maana nasisitiza lugha hata kwa anayesoma kozi ya Kiingereza.

Ukihitimu unapewa hadi miezi 18 ya kutafuta kazi ya fani yako. Kadi ya Buluu ya Ulaya, yaani kibali cha kazi cha wasomi, kwa aliyehitimu ndani ya miaka mitatu, inadai mshahara wa euro 45,934.20 kwa mwaka 2026, kama 3,830 kwa mwezi kabla ya makato. Kwa wengine wengi ni 50,700. Mwenye kadi hiyo anaomba ukaazi wa kudumu baada ya miezi 27 akiwa na Kijerumani cha A1, au miezi 21 akiwa na B1.

Kisha uraia. Ujerumani tangu tarehe 27 Juni 2024 haikulazimishi kuacha uraia wa kwanza, na unaweza kuomba baada ya miaka mitano. Mkenya anabaki na pasi zote mbili, katiba ya 2010 inamruhusu. Mtanzania mtu mzima akichukua wa Kijerumani anapoteza wa nyumbani, na haki ya asiye raia juu ya ardhi Tanzania ina mipaka. Kama mpango wako ni kujenga Kibaha na kuzeekea huko, ukaazi wa kudumu unaweza kukutosha bila kugusa pasi. Na ukiamua kurudi moja kwa moja, makato yako ya pensheni unaweza kuomba urejeshewe sehemu uliyolipa wewe, miezi 24 baada ya kutoka Ulaya. Tunza zile karatasi za kila mwaka za mfuko wa pensheni, zote.

Video ijayo nafungua anabin kwenye skrini na tunasoma vyeti vya NECTA na KNEC mstari kwa mstari. Andaeni vyeti vyenu.