Usiihukumu starta kabla hujaipima swichi

Wanangu, karibuni. Nimeomba tuzungumze Kiswahili kwa sababu hapa Ndeeba, Kampala, tumo Waganda, Walugbara, Waacholi na ndugu waliovuka kutoka Kongo, na mikono ikishaingia grisi lugha yetu sote ni hii. Leo nina neno moja tu, swichi ya ufunguo, na mfano wangu ni Volkswagen Beetle. Msiidharau. Mwaka 1962 ndiyo iliyoshinda mbio za Safari, enzi zile zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika.

Zamani nililetewa Beetle moja. Asubuhi inawaka vizuri. Ikitoka safari ya Masaka na kuzimwa ikiwa ya moto, ukizungusha ufunguo unasikia "tak" halafu kimya, watu wanasukuma. Nikasema starta, ile mota inayozungusha injini ili iwake, imekufa. Mwenye gari akanunua nyingine, nikafunga, ikawa vilevile. Nikamwambia ile ni mbovu, akanunua ya pili. Tak! Ugonjwa ulikuwa kwenye swichi. Pesa ya ufundi nilimrudishia, lakini ya starta ilikuwa imeshakwenda, na jambo lile linaniuma mpaka leo.

Sikilizeni kwa nini. Beetle injini iko nyuma, betri iko chini ya kiti cha nyuma, ufunguo uko mbele. Umeme hutoka kwenye betri, unakwenda hadi mbele, unaingia kwenye swichi kwa ncha namba 30, unatokea namba 50, kisha unarudi nyuma kote hadi kwenye starta. Njia ni ndefu na waya ni mwembamba. Shaba za ndani ya swichi zikishaungua na kuwa nyeusi, volti zinapotea papo hapo. Na koili ya solenoidi, ile swichi ya sumaku iliyo kwenye starta, ikipata joto, ukinzani wake hupanda, umeme unaopita hupungua. Ndiyo maana asubuhi inavuta, mchana inashindwa.

Basi pimeni kwanza. Gia iwe huru, breki ya mkono ivutwe, waya namba 15 uchomolewe kwenye koili ya plagi, si ile ya solenoidi, ili injini isiwake. Waya mwekundu wa multimita, kile kipimo cha umeme, ushike chanya ya betri, mweusi ushike ncha 50 pale kwenye starta. Mwenzako azungushe ufunguo. Namba unayoiona ni volti zilizopotea njiani. Ikizidi 1, rudi nyuma: pima hadi ncha 50 ya swichi, halafu hadi ncha 30. Ikiwa kwenye 30 zinapotea kidogo na kwenye 50 zinaruka, swichi umeikamata mkono kwa mkono.

Kufunga mpya si kazi kubwa. Toa hasi ya betri kwanza, maana ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, cheche zitaruka. Piga picha kwa simu, kila waya ubandike utepe ulioandikwa namba. Rangi za nyaya msiziamini. Gari la miaka hamsini limepita mikononi mwa mafundi wengi, na kila mmoja aliunga kwa waya aliokuwa nao.

Swichi uliyonunua soko la vipuri la Kisekka ipime ikiwa mkononi, kabla ya kuifunga. Ikizimwa, 30 isiguse kitu. Ufunguo ukiwa mahali pa kuwasha, 30 na 15 ziungane. Ukisukuma hadi starta, 50 nayo ijiunge, na ukiachia ijitenge yenyewe. Isipojitenga, irudishe dukani, kwani itaiunguza starta.

Gari likiwa na kufuli la usukani, mara nyingi kipande cha umeme hutoka peke yake, mteja akabaki na ufunguo wake wa zamani. Lakini hapo nawasihi sana: kabla gari halijatoka, zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili, ufunguo ukiwa umewashwa. Ukikwama hata kidogo, fungua upya. Kufuli likiuma gari likiwa kwenye mwendo, dereva hana la kufanya.

Na mkiwa mnajaribu, msiache ufunguo umewashwa muda mrefu injini ikiwa imezimwa. Koili ya plagi inachemka, na pointi, vile vikatizo vya umeme wake, zinaungua.

Sasa sogeeni hapa. Wewe, mwanangu, ingia ukae kwenye usukani, na ufunguo usiuguse mpaka niseme.