Huku ua linahesabiwa, kwetu linanuswa

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo hamjambo. Leo sina utangulizi, maana swali ni lile lile kila nikipandisha video: "Unaenda kwa watu na maua, yanaliwa?" Mwingine kaandika, "Kafika Berlin juzi tu, kashaanza kujimwambafai na mawaridi." Sijimwambafai. Wala silalamiki, ingawa najua nikitaja bei mtasema nalia na nisipotaja mtasema naficha. Kwa hiyo nataja.

Hayaliwi. Ila Ujerumani ukialikwa chakula nyumbani kwa mtu, maua ni kama kilo ya sukari unayobeba ukienda kumjulia hali mgonjwa Nanguruwe, kule kwetu Mtwara. Hakuna sheria, lakini ukitokea mikono mitupu mwenyewe utajisikia. Bukee ya dukani, ile anayofunga muuzaji mwenyewe, ni rahisi kukufikisha yuro 25, na kila yuro zidisha kwa karibu shilingi elfu tatu za Tanzania. Mimi nasema nunua fungu la tulipu kumi supamaketi, kuanzia Januari mpaka Aprili ndio msimu wake, utalipa sehemu ndogo tu ya hiyo pesa. Bandua stika ya bei, vua karatasi kabla mlango haujafunguliwa, mpe mwenyeji maua yakiwa wazi. Karatasi ya dukani ni ya njiani tu. Na usinunue ya kituo cha mafuta ukifikiri hawatajua. Wanajua. Hayo ndiyo maua ya mtu aliyekumbuka dakika ya mwisho.

Sasa maana zake. Kanga ina jina: ukimpa shangazi kanga yenye fumbo, anasoma, anajua umemsema. Ua halina maandishi, kwa hiyo watu wanalisoma kwa idadi, rangi, aina na siku uliyolileta. Zamani huku Ulaya, karne ya 19, walikuwa na vitabu vizima vya kutafsiri maua, na kitabu hiki kikipingana na kile. Msiniletee orodha za mtandaoni kwamba ua fulani maana yake ni fulani. Muulize: kwa nani, nchi gani?

Idadi kwanza. Desturi ya hapa ni witiri: matatu, matano, saba. Kwa Mjerumani kijana ukikosea hatasema kitu. Lakini mwenyeji wako akiwa ametoka Urusi, Ukraine au Poland, hesabu vizuri, kwa sababu kwao shufwa ni ya marehemu. Mawaridi manne kwa mama mkwe wa Kirusi ni sawa na kumpelekea ubani akiwa mzima. Na unahesabu mashina, sio vichwa. Kuna waridi la matawi, shina moja vichwa vitano, hilo ni moja. Watu wengi wanakosea hapo.

Rangi, nitapita haraka kwa sababu nyekundu mnaijua. Waridi jekundu ni mapenzi ya kitandani, basi. Usimpe mke wa bosi, usimpe mwalimu wa lugha, hata kama ndilo lililopunguzwa bei. La njano lina utata: wengine wanalichukua kama urafiki, wengine wivu. La pinki au la rangi ya chungwa halijamwingiza mtu matatani. Kanesheni jekundu nalo lina historia yake, ni ua la vyama vya wafanyakazi, na Ujerumani Mashariki ya zamani ndilo walilokuwa wanagawiwa wanawake tarehe 8 Machi. Mama wa umri fulani wa upande huo ukimpa kanesheni jekundu anaweza kucheka peke yake, usishangae.

Aina ndiyo yenye mtego mkubwa. Krisanti, lile ua la duara lenye petali nyingi nyembamba, msimu wa vuli limejaa madukani, bei chee, linadumu. Mgeni analiona anasema hili hapa! Ndugu yangu, hilo ni la makaburini. Ufaransa, Ubelgiji na Italia tarehe 1 Novemba, Sikukuu ya Watakatifu Wote, makaburi yanafunikwa na krisanti, na hapa Ujerumani nalo lina harufu hiyo hiyo ya msiba. Halafu nenda Japani: krisanti ndiyo nembo ya mfalme. Ua ni lile lile, halijabadilika hata petali.

Lili nyeupe pia huku zina sura ya mazishi, ila lili za rangi watu wanazipenda. Kabla hujampelekea mtu, uliza swali moja: ana paka? Sitanii. Kwa paka lili ni sumu ya figo, majani, maua, hata ile poda inayomdondokea manyoyani akajilamba, hata maji ya kwenye chombo. Mwenye paka mpe waridi. Kwa asiye na paka, ua likifunguka tu, zing'oe zile ncha za kahawia katikati kwa karatasi laini kabla hazijaanza kutoa poda. Ikishamwagika kwenye shati usiisugue na usiipake maji, itazama. Bandika selotepu, vuta, bandika tena, vuta.

Mgonjwa hospitali: usipeleke mmea wa kwenye kopo. Udongo una vijidudu, wodi nyingi hawataki, na wazee wa hapa wanasema mmea wenye mizizi unamtakia mgonjwa aote mizizi kitandani. Chumba cha mahututi usipeleke ua la aina yoyote.

Haya, sasa nije kwenye komenti za nyumbani. "Kwa nini usiagize asumini kutoka Mikindani uwaonyeshe Wazungu?" Wallahi ningependa. Tangu tarehe 14 Desemba 2019, mzigo wa abiria anayeingia Umoja wa Ulaya ukiwa na mmea, ua bichi, mbegu au tunda, unatakiwa kuwa na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi ulikotoka. Cheti hicho hakitolewi na mjumbe wa mtaa, ni mkaguzi wa mamlaka ya afya ya mimea, akague mzigo wenyewe. Yaliyosamehewa ni matunda matano tu: nanasi, nazi, ndizi, tende na durian. Kwa hiyo mama anaweza kunifungia nazi, lakini kishada cha mrehani kinaishia kwenye pipa la uwanja wa ndege. Wakati huo huo waridi la Naivasha limelala kwenye friji ya supamaketi ya mtaani kwangu, na karatasi zake zote kamili. Na kwa kuwa nimetaja Berlin najua mtauliza mjusi wetu wa Tendaguru, yule dinosaria ambaye Wajerumani walimchimba kwetu. Yupo makumbusho. Kati ya 1909 na 1913 ilitolewa Lindi mifupa zaidi ya tani 200, hakuna aliyeiuliza cheti. Asumini ndiyo inaulizwa. Tuendelee.

Lile waridi la supamaketi ukilinusa halinuki kitu. Limekuzwa lisafiri mbali na likae siku nyingi kwenye maji, harufu ikaachwa njiani. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema sisi hatuna utamaduni wa maua. Tunao, ila wa pua. Bibi wa Mikindani au wa Kilwa Kivinje hakuulizi mangapi, anauliza yamechumwa saa ngapi. Kikuba: vitumba vya asumini, mrehani, petali za mlangilangi, kinabanwa kwenye nywele au kifuani, na ujumbe wake anaupata aliyekaribia vya kutosha. Hiyo ni lugha, tena ya ndani kuliko waridi jekundu.

Ukitaka kumpa mtu, asumini ichumwe alasiri, ingali kitumba cheupe kilichofumba, kwa sababu inafunguka usiku. Ukichuma asubuhi umechuma iliyokwisha. Sindano ipite kwenye kile kimrija kilicho chini ya petali. Ukichoma petali zenyewe, panapochubuka panageuka kahawia kabla ya Isha. Funga kwenye jani la mgomba lenye unyevu, usifunge kwenye mfuko wa plastiki, utaivukiza. Ikipambazuka imekwisha, na ndivyo inavyotakiwa. Mrehani mtupu, bila asumini, mimi nisingempelekea mtu mzima zawadi, kwa sababu wengine wanaujua kama wa kuwekwa kaburini. Kila mtaa una yake, uliza wazee wa hapo.

Wale wa ughaibuni wenzangu mnaotaka kumtumia mama maua Mtwara siku yake, sikilizeni. Ukimpigia muuzaji Dar usiseme "shada". Kwetu ukisema shada watu wanasikia "kuweka mashada", anaweza kukufungia la duara la kusimamishwa kaburini. Sema bukee, taja ni ya mama, yuko hai, ni sikukuu yake. Pili, mawaridi kwa basi yasahau. Ni zaidi ya kilomita 500 za joto, na mvua za 2024 zilitukumbusha pale Somanga kwamba barabara nayo inakatika. Yatafika yameinamisha shingo. Shingo ikilegea ni hewa imeingia kwenye shina, na huwa inarudi ukikata sentimita mbili mshazari, ukayaviringisha kwenye gazeti, ukayasimamisha kwenye maji mengi saa kadhaa. Kama yamechemka kwenye buti la basi, hayarudi.

Mimi ningetuma krisanti. Ndiyo, lile lile la makaburini huku. Mtwara halina maana hiyo, linavumilia joto kuliko waridi, na ukibadilisha maji kila baada ya siku mbili na kutoa majani yote yanayozama, wiki inapita bado limesimama. Lisikae karibu na ndizi zinazoiva, gesi ya matunda inazeesha maua. Muuzaji akikuuliza rangi, sema njano. Nyeupe mwachie mama mwenyewe aamue. Au nunua mche wa asumini hapo hapo mjini, upandwe upande wa dirisha la chumba chake. Lakini hiyo ni kwangu, wewe unamjua mama yako.

Mmoja ameuliza kama vitumba vya asumini vinaweza kugandishwa kwenye friza mpaka siku ya harusi. Hapana. Petali ni nyembamba, maji ya ndani yakiganda yanazipasua, ukizitoa zinayeyuka kama mlenda wa kahawia. Mwambie anayetunga aje siku yenyewe, saa kumi jioni, na uzi wake.