Kopo la Hydei Halijafa

Mbukwenyi! Walioko nyuma sogeeni mbele, makopo yenyewe ni madogo na sina darubini ya kumgawia kila mtu.

Nianze na jina la hawa nzi wa matunda tunaowafuga, maana limewahi kuniletea ugomvi. Ukimwambia bwana shamba unafuga nzi wa matunda, atashika kichwa. Yeye anamfikiria mharibifu wa maembe, Bactrocera dorsalis, aliyebainika Kenya mwaka 2003 kisha akatusumbua sote Afrika Mashariki. Huyo hutoboa embe zima na kutaga ndani. Ni wa ukoo mwingine kabisa na sitaki kusikia kuna mtu amemfuga. Wangu ni hivi vinzi vinavyozunguka ndizi iliyopitiliza na bilauri ya mvinyo. Kitaalamu huitwa Drosophila. Wenye mashamba ya zabibu kule Hombolo na Mpunguzi, hapa Dodoma, wanavijua: msimu wa kukamua huna haja ya kuvitafuta, vinakutafuta vyenyewe.

Tunavifuga kwa ajili ya watoto wa kinyonga. Jike la kinyonga wetu wa kawaida, Chamaeleo dilepis, hutaga mayai kwa makumi, na siku yakianguliwa kila mtoto ni mdogo kuliko kidole changu cha mwisho. Yule panzi anayempendeza mama yao angewakimbiza wao. Wanataka kitu kidogo, laini, kinachotembea mbele ya macho yao, na wanakitaka kila siku. Hapo ndipo vinzi vinapoingia.

Neno la sheria, halafu tuendelee. Mnyamapori ana sheria yake ya mwaka 2009, na kumfuga kunataka kibali. Msitoke hapa mkaanza kuokota vinyonga kwenye miti. Na yule mjusi wa buluu wa msitu wa Kimboza, Morogoro, Lygodactylus williamsi, yuko Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 2017. Huyo usimguse hata kwa utani. Ninasema na wenye vibali, na walimu wa baiolojia wanaotaka nzi kwa somo la urithi.

Haya, makopo. Hili la kushoto ni Drosophila melanogaster, milimita mbili na ushee. Hili la kulia ni Drosophila hydei, milimita tatu hivi, mweusi kidogo na mnene. Kinyonga wa siku tatu mpe wa kushoto. Akitimiza wiki kadhaa anza kumchanganyia wa kulia, maana atamaliza melanogaster hamsini na bado akuangalie.

Watu wengi wananiambia: "Mwalimu, melanogaster ninamweza, hydei ananifia." Hafi. Mimi mwenyewe nilimwaga makopo manne ya hydei nyuma ya nyumba kwa sababu siku ya 14 ilikuwa imepita na sikuona nzi hata mmoja mpya. Kuku wakaja mbio. Nilipoinama kuangalia wanachodonoa nikaona pupa, yaani mabuu waliojifunga ganda wakisubiri kuwa nzi, mamia, wamejipanga ukutani mwa kopo kama punje za uwele. Zilikuwa zimebaki siku chache tu. Kuku walikula vizuri siku ile.

Melanogaster akiwa kwenye nyuzi 25 hutoka yai hadi nzi kamili kwa siku kama 10. Hydei katika makopo yetu huenda wiki tatu, wakati mwingine nne. Kinachonishangaza hadi leo ni dume lake. Mbegu moja ya kiume ya hydei ina urefu wa takriban milimita 23, naye mwenye mbegu ana milimita tatu. Imekunjwakunjwa tumboni kama uzi kwenye kibiringo. (Mnacheka, lakini ni kweli, wameipima.) Kuitengeneza kunachukua muda, kwa hiyo dume akishatoka kwenye pupa hukaa kama siku tisa kabla hajawa tayari. Ukianzisha kopo jipya kwa hydei waliotoka jana, umewaweka wavulana wasiobalehe, na siku za chakula zinaanza kuhesabika bure. Mimi huanzisha kwa nzi waliokaa nje ya pupa wiki moja na nusu, si chini ya hapo.

Sasa unganisha hilo na hewa yetu. Dodoma ni kavu. Chakula kinachomtosha melanogaster siku 20 kinapasuka kama udongo wa mbuga kabla buu wa hydei hajamaliza kula. Kwa hiyo kopo la hydei ninaliwekea chakula cha kina cha vidole vitatu, na la melanogaster kimoja na nusu kinatosha. Ifikapo wiki ya pili ninadondoshea maji kijiko cha chai pembeni, si katikati, mabuu wasije wakazama.

Chakula chenyewe hakina siri. Viazi vilivyopondwa au uji mzito wa mahindi, ndizi mbivu, sukari kidogo, kijiko cha siki, na mdalasini wa kuzuia ukungu. Kikishapoa kabisa, nasema kabisa, nyunyizia hamira juu. Buu haishi kwa ndizi hasa, anaishi kwa hamira inayoota juu ya ndizi. Ukiiunguza kwa uji wa moto umempikia njaa. Chomeka kipande cha trei ya mayai wapate pa kupanda, funika kwa kitambaa, kaza kwa rababendi, andika tarehe. Tarehe jamani. Bila tarehe utarudia ujinga wangu wa kuku.

Joto ndilo adui wa Oktoba na Novemba, hasa chini ya bati. Dume la melanogaster lililokulia kwenye nyuzi 30 linakuwa tasa: nzi unawaona, wanatembea, lakini mayai hayaanguliwi. Weka makopo sakafuni kwenye beseni la mchanga mbichi na juu yake gunia lililolowa. Ukavu ule ule unaotutesa ndio unaopoza gunia, kama mtungi. Jaribu hilo Dar es Salaam uone, utavuna ukungu. Juni na Julai mambo yanageuka, usiku unakuwa baridi na kopo la siku 10 linakwenda 18. Usilimwage.

Sasa walimu, hapa ndipo penu. Nzi tunaowafuga hawaruki, la sivyo ukifungua kopo kinyonga anabaki na hewa. Wengine wana mabawa lakini hawawezi kuyatumia, wengine vibawa vimesinyaa. Mabadiliko ya namna hii yalianza kukusanywa katika maabara ya mwanabaiolojia Thomas Hunt Morgan kule New York, aliyempata dume mwenye macho meupe mwaka 1910. Kijana mmoja niliyemfundisha alikuwa na makopo mawili ya melanogaster, moja la vibawa vilivyosinyaa, moja la wasioruka. Yote mawili yamezorota. Akawachanganya "wapeane nguvu". Baada ya wiki mbili akafungua: watoto wote wakaruka hadi darini! Alidhani nzi wa zabibu wameingia.

Hawakuingia. Kila upande ulikuwa na hitilafu ya jeni (agizo la urithi) tofauti, na kila upande ulikuwa na nakala nzima ya jeni ambayo mwenzake ameiharibu. Mtoto akapata nakala moja nzima kwa kila jeni, ikatosha kumrusha. Hilo mnaweza kulifundisha bila mchoro hata mmoja, kwa makopo mawili tu. Akiingia nzi wa mtaani matokeo ni yale yale: watoto wote wanaruka, na wajukuu wasioruka ni robo. Kopo hilo lipelekeeni kuku, halitengenezeki kirahisi. Lakini hydei na melanogaster hawazaliani, msiogope kuwaweka rafu moja.

Utitiri nitausema kwa kifupi kwa sababu unanikera. Hutoka kwenye unga wa zamani, hupanda kutoka kopo hadi kopo, na ukiona kama vumbi linalotembea umechelewa. Simamisha makopo kwenye sinia lenye maji ya sabuni, na kopo la melanogaster lililozidi mwezi litupwe.

Kabla ya kulisha, mimina nzi kwenye mfuko wenye unga wa ganda la yai uliosagwa laini, tikisa, watoke weupe kama mafundi wa chokaa. Wadudu wana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na kinyonga mchanga asiyepata kalsiamu hupinda miguu. Mtoe pia juani asubuhi, kwenye kizimba cha wavu chenye kivuli upande mmoja. Kioo huzuia mionzi anayoihitaji.

Nimekuja na makopo 12. Yenye kitambaa cheupe ni melanogaster, fungueni mwisho wa wiki hii. Yenye kitenge ni hydei, yameanzishwa juzi. Atakayenipigia simu kabla ya wiki tatu kuisha nitamuuliza kwanza ameisoma tarehe.