Nuksi za harusi za wenzetu, na anayebebeshwa mzigo

Hamjambo ndugu zangu, karibuni tena. Kuna kauli naisikia sana kutoka huko nyumbani, kwamba watu wa huku Ulaya wameendelea, mambo ya nuksi na mikosi waliyaacha kitambo. Aliyewaambia hivyo hajaalikwa harusi ya huku hata moja.

Naanza na hapa Ujerumani ninapoishi. Usiku wa kuamkia harusi, au siku chache kabla yake, kuna shughuli inaitwa Polterabend. Wageni wanakuja na sahani kuukuu, vikombe vyenye ufa, marumaru za sakafu zilizobaki, na wapo wanaokokota hadi sinki la choo. Wanavipasua vyote mbele ya mlango wa wenye harusi. Kwa imani ya wazee wao, zile kelele zinafukuza pepo wabaya, na vile vigae vinaleta heri. Lakini ole wako upasue glasi au kioo, hapo umeleta mkosi! Wakishamaliza, bwana na bibi harusi wanapewa fagio wafagie pamoja, na hakosekani rafiki mmoja mkorofi wa kulipiga teke lile rundo ili waanze upya.

Ukienda kwenye harusi ya Kiyahudi, glasi hiyohiyo bwana harusi anaikanyaga kwa makusudi, ikivunjika watu wanashangilia "Mazal tov!" Pale hawafukuzi pepo. Wengi wanaeleza kuwa ni kukumbuka Hekalu la Yerusalemu lililobomolewa, kwamba hata siku ya furaha msiba ule hausahauliki.

Tuje kwenye kuchagua siku. Waitaliano wana msemo wa zamani unaokataza kuoa au kuanza safari siku ya Jumanne na Ijumaa. Wahispania nao wanaikwepa Jumanne, siku ya Mars, mungu wa vita wa Warumi wa kale. Nani anataka kuanza ndoa na mungu wa vita? Warumi wenyewe waliuogopa mwezi mzima wa Mei, kwa sababu ndani yake walikuwa na siku za kutuliza mizimu ya wafu majumbani. Wajapani wana kalenda yenye mzunguko wa siku sita, na humo taian ndiyo siku njema, butsumetsu ndiyo mbaya. Kumbi nyingi hupunguza bei siku ya butsumetsu. Mimi mwenzenu ningeoa siku hiyohiyo bila kupepesa macho, na punguzo nikaliweka mfukoni.

Gauni jeupe nalo, msidhani ni la tangu enzi na enzi. Lilishika kasi baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuolewa nalo tarehe 10 Februari 1840. Kabla ya hapo, hata matajiri waliolewa kwa rangi waliyoipenda. Kwa Wachina nyeupe ilikuwa ya matanga, bibi harusi akavaa nyekundu. Ufilipino wanasema bibi harusi asilijaribu gauni lake kabla ya siku yenyewe, harusi itaharibika. Fundi wa huko ana kazi kwelikweli.

Mpaka hapo tunacheka. Sasa nisikilizeni vizuri, hasa mama zangu na shangazi zangu.

Japani kuna imani kwamba msichana aliyezaliwa mwaka wa Farasi wa Moto, kwa kalenda ya kale inayoipa miaka majina ya wanyama, atakuwa mkali kupita kiasi, na atamfupishia mume maisha. Mwaka huo hurudi kila baada ya miaka 60: 1906, 1966, na 2026. Mwaka 1965 Japani walizaliwa watoto kama milioni 1.82. Mwaka 1966 wakashuka hadi kama milioni 1.36, robo nzima imeyeyuka! Mwaka uliofuata idadi ikapanda tena. Na hii ni nchi iliyokuwa imeshazindua treni ya mwendo kasi mwaka 1964. Watu walipanga uzazi, wengine walitoa mimba, kwa kuogopa kuzaa binti ambaye baada ya miaka 20 na kitu atakosa wa kumuoa. Wavulana wa mwaka huohuo? Hakuna aliyewaogopa.

Uchina nako, ikitokea mwaka wao, unaohesabiwa kwa mwandamo wa mwezi, haukuangukiwa na siku ya Lichun, ile ya kufungua majira ya kuchipua, watu huuita mwaka wa wajane: anayeolewa humo atafiwa na mume. Mwaka wa Joka, ulioanza Februari 2024, ulikuwa hivyo. Ndoa zilizosajiliwa zilishuka kutoka milioni 7.68 mwaka 2023 hadi milioni 6.1 mwaka 2024. Tusiisingizie nuksi peke yake. Vijana wamepungua, maisha yamekuwa ghali, na mwaka 2023 wengi walifunga ndoa walizoziahirisha wakati wa korona. Lakini wapo walioharakisha au waliosubiri kwa sababu ya kalenda tu.

India wanao manglik, mtu aliyezaliwa sayari ya Mars ikiwa mahali pabaya kwenye nyota yake. Inasemekana mwenzi wake atapata balaa, pengine kifo. Dawa mojawapo ni kumuoza kwanza kwa mti, mgomba kwa mfano, ili balaa liishie kwa yule mume wa majani, kisha ndiyo aolewe na binadamu. Mwanamume naye anaweza kuwa manglik, ila posa zinazovunjika kwa sababu hiyo mara nyingi ni za mabinti.

Mnaona mkondo wake? Mume akifa, ni nyota ya mke. Mila ya kupasua sahani siigombi hata kidogo, wote wawili wanashika fagio. Hizi za kumhukumu msichana kabla hajazaliwa ndizo zinanikera, na hapa sitaki kuambiwa "ni utamaduni tu".

Wakati mwingine gari hugeuka, lakini. Bremen, kaskazini mwa Ujerumani, mwanamume akifika miaka 30 hajaoa, marafiki wanampeleka kufagia ngazi za kanisa kuu mbele ya kadamnasi, mpaka msichana aje ambusu ndipo aachiwe. Wanawake nao hung'arisha vitasa vya milango. Na huko Uturuki, pia Ugiriki, ndoa ikishafungwa kuna mashindano ya kukanyagana mguu: atakayewahi ndiye mwenye kauli nyumbani. Mabibi harusi wengi wanakuja na visigino wamejiandaa, waume zao bado wanatabasamu kwa kamera.

Haya, niandikieni hapo chini, nani kati yenu angekubali kuolewa na mgomba. Tuonane wiki ijayo.